Mapazia ya Nyumba ya Wundanyi

Wakesho mwanangu,

Ukiifungua barua hii utakuwa umeshafika, na pengine unapekua begi ukitafuta chaja. Nimeiweka chini ya lile furushi la kitambaa ambalo nimekukataza kulifungua kabla hujafika huko. Nimeandika kwa kalamu kwa sababu najua jumbe zangu za sauti unazisikiliza kwa mwendo wa mbio, mpaka nasikika kama kuku anayefukuzwa. Karatasi huwezi kuiharakisha.

Ni Ijumaa, saa kumi na moja jioni hapa Doha. Wenye nyumba wamekwenda Lusail kwa ndugu yao na watoto wote, na hiki kijumba cha nyuma tunacholala wafanyakazi kiko kimya, isipokuwa AC inayokoroma. Ndege yako ni kesho asubuhi. Koti unalo, dawa za mafua unazo, pasipoti umenionyesha mara tatu kana kwamba mimi ndiye afisa wa uhamiaji. Mambo ya kula vizuri, kusali na kutomwamini kila anayekuchekea sitayagusa. Una miaka ishirini na saba, na wewe ni nesi ambaye ameshafumba macho ya watu waliokufa mikononi mwake. Ninataka kuzungumzia kitu kimoja tu, ulichokisema Ijumaa iliyopita pale Al Sadd, kwenye hoteli yetu ya ugali na samaki.

"Mum, unajua hiyo place nimepelekwa ni ushago kabisa?" ulisema, huku unachambua miiba. "Mimi nilidhani England ni London. Nimeangalia kwa ramani. Ni miti na kondoo. Basi inapita asubuhi na jioni, na Sunday haipiti."

"Ni kaunti nzuri," nikakuambia.

"Nzuri ya nani? Ya wazee wamestaafu. Lakini si ni three years tu? Nitavumilia, nimalize, niondoke. Hata nguo sitatoa kwa suitcase."

Ukacheka, na mimi nikainamia samaki wangu. Uliniuliza kama nimekwamwa na mwiba, nikasema ndiyo. Haukuwa mwiba. Maneno yale ya sanduku niliyasema mimi miaka kumi na tisa iliyopita, karibu neno kwa neno, na sikupenda kuyasikia kinywani mwako.

Ngoja nianze na chumba hiki, ambacho umekiona mara nyingi bila kukiangalia.

Nilipofika Doha ulikuwa na miaka minane, nimekuacha Wundanyi kwa bibi yako. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili na mimi niliuamini. Dirisha la chumba hiki linatazama magharibi, na jua la hapa halibishi hodi. Mwanamke Mfilipino aliyekuwa akiondoka alikuwa amebandika foili ya jikoni kwenye kioo chote, ile ya kufunikia kuku kwenye oveni. Nikaiacha. Miaka miwili ni kitu gani? Ilipochanika nikabandika nyingine. Nimebadilisha foili ile mara nyingi kuliko nilivyobadilisha simu, na kwa miaka yote hiyo nimewasha taa saa nne asubuhi kwenye nchi yenye jua kuliko zote nilizowahi kuziona.

Mwaka wa pili nyumba yetu ya Wundanyi ilipopata paa, bibi yako alipima madirisha. Hakuwa na futi, akatumia kamba za katani. Madirisha manne, kamba nne, kila moja na fundo moja la kuonyesha upana na mafundo mawili ya kuonyesha urefu. Akampa mwanamke wa kijijini aliyekuwa akirudi huku kutoka likizo. Zilinifikia zimeviringishwa ndani ya pakiti ya unga. Nikazipeleka kwa fundi cherehani Mhindi, akazinyoosha juu ya meza yake taratibu, bila kucheka, akaandika vipimo. Nilichagua kitambaa cha kijani chenye maua ya manjano. Kizito, kizuri, cha kuzuia ule ukungu wa kwetu usiingie sebuleni.

Mapazia yalipokuwa tayari niliyakunja nikayatia kwenye katoni, chini ya kitanda.

Katoni hiyo unaijua. Hakuna mwanamke wa kwetu hapa Doha asiyekuwa nayo. Ndani yake mna sahani za maua, chupa ya chai, vikombe sita, blanketi zito la picha ya chui. Vitu vya nyumbani. Mwenyewe unakula kwenye sahani ya plastiki uliyoirithi na kujifunika shuka lililopauka, kwa sababu vizuri ni vya kule. Siku ukirudi kabisa, katoni itarudi nawe, na maisha yataanza. Tukikutana Ijumaa tunaulizana, "Katoni imejaa?" Hakuna anayeona ajabu.

Ningeweza kuyatuma mapazia kwa kargo mwezi wowote. Sikutaka. Nilitaka niyatundike kwa mikono yangu, nimerudi, mizigo iko mlangoni, bibi yako amekaa kwenye kochi akiniambia upande wa kushoto umeshuka. Picha hiyo niliipenda sana, nikaishi nayo badala ya kuishi.

Sasa nije kwenye kaunti yako. Uliponionyesha barua ya kazi na nikaona jina Herefordshire, nilinyamaza, nawe ukafikiri sijafurahi. Nilikuwa nimeshangaa. Nimekaa huko miezi sita, mwanangu, nikijumlisha. Unajua kwamba nilikuwa nikimtunza Hajja, mama mzazi wa tajiri wangu, na kwamba walikuwa wakimpeleka Ulaya kukimbia joto. Nilikuambia "tunaenda England, kazi kama kawaida," nikakutumia picha ya kiti chake cha magurudumu. Ndiyo yote niliyokuambia. Ilikuwa majira matatu ya joto, Julai na Agosti, miaka mitatu mfululizo, kwenye nyumba ya kukodi mwisho wa kijiji chenye kanisa moja, baa moja na duka moja linalofungwa saa saba mchana siku likijisikia.

Kwa nini watu wa Ghuba waende kwenye ushago wa Wazungu, wakati London ipo? Nilijua jibu siku ya pili. Mvua ilikuwa inanyesha, rasharasha. Nikakisukuma kiti cha Hajja haraka kuelekea ndani, akanipiga kofi dogo mkononi. "Khalli, khalli," akasema, yaani niache. Nikamwacha. Akavua miwani, akainua uso juu, akakaa vile, bibi wa miaka themanini, mvua inamlowesha. Jirani Mwingereza aliyekuwa anapita na mbwa akasimama kuomba radhi kwa ajili ya hali ya hewa. Hajja hakumwelewa. Mimi nilimwelewa, nikacheka, maana alikuwa akiomba radhi kwa kitu ambacho tulikuwa tumepanda ndege kukifuata.

Jirani huyo aliitwa Jean. Mjane, miaka sabini na kitu, viatu vya mpira Januari mpaka Desemba. Nitarudi kwake.

Nilikuwa na muda mwingi, kwa sababu kumsukuma mzee kwenye njia ya kijiji ni kazi ya polepole. Nikaanza kuuliza watu kwa nini wanapenda kuishi pale. Niliuliza kwa udadisi tu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimetoka Wundanyi nikiamini kwamba mtu anakaa kijijini mpaka apate nafasi ya kuondoka, na hapa nilikuwa nawaona watu wenye magari mazuri na masomo yao, wamekaa kwenye matope kwa hiari.

Mfugaji mmoja, mwenye ng'ombe wekundu wenye nyuso nyeupe, aliniangalia kama nimemwuliza kwa nini ana miguu. Akafikiri. "Ng'ombe wako hapa," akasema, akaenda zake.

Mzee mwingine aliyehamia kutoka London baada ya kustaafu alisema ni kwa sababu ya ukimya. Miaka thelathini alikuwa hasikii kitu kimoja kimoja. Sasa anasikia lango lake likifungwa na anajua aliyelifunga ni mkewe au mtu wa posta. Mwanamke wa dukani alisema ni njia za miguu, na hilo lilinishangaza kweli. Kuna njia zinazopita katikati ya shamba la mtu, kwenye ngano yake, nyuma ya zizi lake, na mwenye shamba hana ruhusa ya kukuzuia. Njia hizo zina umri mkubwa kuliko hati yake. Unapita, unafunga lango nyuma yako ili ng'ombe wasitoke, basi. Kwetu tungekuwa mahakamani.

Mengine niliyaona mwenyewe. Mwezi wa nane watu wanaacha masanduku ya mamung'unye na maboga nje ya malango yao, na kikaratasi cha kukukaribisha uchukue. Matunda meusi ya miibani yanaliwa na yeyote. Mashamba hayana kuta, yana ua wa miti hai, na ndani ya ua huo mna ndege wanaopiga kelele kuliko soko letu la Jumanne. Asubuhi kuna ukungu uleule wa kwetu, unapanda kutoka bondeni unafika dirishani, na siku ya kwanza kuuona nilikwenda jikoni nikalia kidogo, halafu nikapika uji wa Hajja.

Usidhani nakuuzia nchi. Kuna harufu ya samadi wiki nzima. Bila gari wewe ni mfungwa. Kulikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akinifuata kwa macho kila nilipoingia dukani, miaka yote mitatu, hakuchoka. Wakati wa baridi, waliniambia, kunakuwa giza saa kumi jioni na watu wanagombana na kuta. Vijana wao wanaondoka kama wa kwetu wanavyoondoka. Wewe unaweza kufika na usiipende hata kidogo, na utakuwa na haki.

Kulikuwa na benchi juu ya kilima, mahali ambapo mto unaonekana ukijikunja chini. Kila siku nilimsukuma Hajja mpaka pale, jasho likinitoka. Kwenye ubao wa mgongo wa benchi palikuwa na kibati chenye jina la mtu na chini yake maneno machache, kwamba alipapenda mahali hapa. Hajja akataka nimsomee. Kiarabu changu unakijua, ni cha jikoni. Nikamwambia, "Huyu mtu kufa. Huyu mtu kupenda hapa."

"Bas?" akauliza. Basi?

"Bas."

Akatikisa kichwa kwa muda, akiangalia mto. "Zein," akasema. Vizuri. Halafu akaniuliza yangu ingeandikwa nini, na wapi. Nikacheka, nikamfunika miguu kwa shali. Hakurudia swali, lakini usiku ule na siku nyingi baadaye nililitafutia jibu, na jibu pekee la kweli lilikuwa kwamba ningewekewa benchi uwanja wa ndege, liandikwe: huyu alikuwa njiani.

Sasa Jean. Jean alizaliwa nyumba ya tatu kutoka ile aliyokuwa akiishi. Nilipomwuliza swali langu hakutaja mto wala ndege. Akanionyesha dirisha la chumba chake cha kulala, juu, linalotazama barabara. "Nisipofungua mapazia mpaka saa tatu asubuhi," akasema, "mtu atabisha mlango. Siku moja nilikuwa nimelala tu, nina mafua. Walibisha watatu, mmoja baada ya mwingine. Nilikasirika sana." Akacheka. "Ndiyo sababu, mpenzi. Nikihamia mahali pengine, mapazia yangu yatakuwa kitambaa tu."

Nikawaza foili yangu. Ningekufa nyuma yake na watu wa barabara hii wangeendelea kuona dirisha linang'aa.

Jean ndiye pia aliyeniuliza jina langu la nyumbani. Kwa tajiri mimi ni Sara, ni rahisi kwao. Nikamwambia Saru. Kesho yake mtu wa posta akaniita Saru. Mwaka wa pili tuliporudi, mwanamke wa dukani, si yule wa macho, akasema, "Saru, umerudi!" Nikageuka kuangalia anamwita nani.

Walikuwa na shoo yao ya kijiji mwisho wa Agosti, kwenye hema. Wanashindanisha maboga, jemu, keki, mpaka vitunguu vilivyopangwa mstari kama askari. Jean alikuwa ameonja mandazi niliyompikia Hajja, yale ya nazi na iliki. Akaja na fomu. "Kuna kundi la vyakula vya kuoka na kukaanga," akasema. "Peleka hayo. Utawaaibisha."

Nikamwambia siwezi, mimi ni mgeni. Akasema wageni wanaruhusiwa. Nikamwambia nina kazi. Akasema Hajja naye aje, atapewa kiti cha mbele. Nikaishiwa sababu, ndipo nikasema lile lililokuwa moyoni, kwa Kiingereza changu kilichonyooka: "Jean, mimi siko hapa."

Akaniangalia, akaangalia viatu vyangu vilivyojaa matope ya kijiji chake. "Unaonekana uko hapa," akasema.

Alileta fomu miaka yote mitatu. Miaka yote mitatu nilikataa. Mwaka wa nne Hajja alikuwa amefariki na hatukwenda tena. Sikuwa nimechukua namba ya Jean. Kwa nini nichukue namba ya mtu wa mahali ambapo sipo? Hilo linaniuma mpaka leo, na halitengenezeki.

Unajua kilichofuata nyumbani. Bibi yako alikuwa akiniuliza kila nikipiga simu, "Saru, mapazia yanakuja lini?" Nikimwambia, "Nakuja nayo mwenyewe, mama." Aliweka leso kwenye madirisha kwa muda, akaziacha hapo miaka. Alipofariki nilipewa ruhusa ya siku saba. Nilitupa nguo nne begini nikakimbilia uwanja wa ndege wa Hamad. Nilipoingia sebuleni Wundanyi nikaona zile leso, zimepauka mpaka maneno yake hayasomeki, na bibi yako amelala katikati ya chumba. Mapazia yake yalikuwa chini ya kitanda changu Doha. Hata katika haraka ile, Wakesho, yalikuwa mikononi mwangu. Niliivuta katoni nikaangalia, nikasema moyoni, hapana, haya ni ya siku nikirudi kabisa. Nikayarudisha.

Sijamwambia mtu yeyote hilo. Wewe ulikuwa umesimama kando yangu makaburini ukidhani nalia kwa ajili ya kifo peke yake.

Na baada ya somo kama hilo, mtu mwenye akili angejifunza. Mimi sikujifunza. Mwaka mmoja baadaye ulipata kazi ya unesi kwenye kliniki hapa Doha, ukaja, miaka ishirini na mitano, mwanangu mwenyewe, umbali wa dakika kumi kwa gari. Ukatafuta vyumba viwili hapahapa Al Thumama, juu ya kinyozi, vina kibaraza. Ukaja kuniambia unang'aa uso.

"Mum, madam wako amekubali uwe unalala kwangu. Nimemuuliza mwenyewe. Tutanunua tu vitanda na meza. Tukae pamoja."

Nikakuambia nini? Nikakuambia tusinunue vitu Qatar, tutakaa pamoja nyumbani, nikimaliza. Nilikuambia kwa sauti ya mtu mwenye busara. Uliangalia chini ukasema, "Sawa, Mum," ukaenda kulala chumba kimoja na wauguzi watatu. Tangu siku hiyo tukawa watu wa kuonana Ijumaa, kama madereva na walinzi wanaotoka kijiji kimoja. Ijumaa mbili za mwezi ulikuwa zamu.

Tulikuwa na miaka miwili, Wakesho. Baada ya kukukosa tangu ukiwa wa miaka minane, nilipewa miaka miwili mkononi, na nikaitia kwenye katoni. Nisamehe. Sisemi hivyo ili uniambie si kitu. Ni kitu.

Kwa hiyo uliposema nguo hutazitoa kwenye sanduku, nilisikia sauti yangu. Wewe unadhani unapanga miaka mitatu. Mimi najua jinsi inavyoongezeka, ukisaini mara moja tena, halafu tena, na kila mara unajiambia sasa si wakati wa kununua sahani. Sikuombi uipende Herefordshire. Wale watu walionijibu hawakuipenda kwa sababu ni nzuri, mahali pazuri niliona pengi. Waliipenda kwa sababu walikuwa wamefungua mabegi. Yule wa London alijua mlio wa lango lake kwa sababu alikuwa amekaa akalisikiliza. Ukikaa miaka mitatu ukaondoka, ondoka. Lakini uwe ulikuwepo.

Nikuambie nilichofanya leo, halafu nimalize, maana kuna nguo za watoto za kupiga pasi.

Baada ya chakula cha mchana niliivuta katoni nikaifungua yote. Sahani ziko salama, isipokuwa moja. Kamba za bibi yako zilikuwa juu ya mapazia, zile nne, na mafundo yake. Nilikaa nazo sakafuni nikayahesabu mafundo moja moja. Mapazia ya madirisha matatu madogo nimeyafunga kwa ajili ya kargo, yanaondoka Jumatatu, na nimempigia mke wa mjomba wako ayatundike akiyapokea, nyumba iwe na mtu isiwe na mtu. Yakishuka upande wa kushoto, yashuke.

Lile kubwa la sebuleni nililipima kwenye dirisha langu. Lilikuwa refu mno na pana mara mbili, kwa sababu lilishonwa kwa ajili ya dirisha lingine. Nikachukua mkasi nikalikata.

Kitambaa kile kizito kinalia kikikatwa. Kisha nikaenda langoni kumwuliza mlinzi wetu wa Nepali kama ana drili ya kutobolea ukuta. Mzee wa watu amefungua lango hilo mimi nikipita kwa miaka kumi na moja, tunapungiana mikono. Anaitwa Bishnu. Nimemwuliza jina leo. Ana drili, ana misumari, na ana maoni yake kuhusu mapazia. Tulibandua foili pamoja, ilitoka kwa vipande, na ukuta wa mbele ukaingia chumbani, na mkunazi wa jirani ambao sikujua umekua hivyo. Nikampa chai kwenye kikombe cha maua. Alikishika kwa mikono miwili akaniuliza kama kuna sherehe.

Nusu nyingine ndiyo iliyo kwenye furushi lako. Nimeipinda pindo mwenyewe kwa sindano, usiangalie mishono. Sijui dirisha lako lina ukubwa gani. Likiwa dogo, kata. Likiwa kubwa, ongeza kitambaa cha kwao. Nimekutilia na kamba moja ya bibi yako, ile ya sebule, si kwa kupimia.

Litundike kabla hujauliza habari ya wifi. Nguo zitoe. Mwezi wa nane wakikuletea fomu ya mandazi, jaza. Unga ni mikono miwili, iliki usiionee huruma. Na ukipata siku, ulizia kijiji chenye benchi juu ya kilima na mwanamke anayeitwa Jean, kama bado yupo. Mwambie Saru alikuwa hapa.

Kisha kila asubuhi ukilifungua pazia, nipigie picha ya dirisha, hata kama nje ni mvua tu. Mimi nitakupigia ya kwangu. Saa zenu ziko nyuma ya zetu, lakini nimeshahesabu. Ikifika saa tatu asubuhi za kwenu na sijaona kitu, nitabisha.

Mimi mama yako,
Saru, wa Al Thumama